Ufunguo wa Sanduku Uko kwa Nani?

Mwaka jana dogo mmoja wa Kiziba aliitwa kwenye usaili wa masomo kwa imeili. Hakuiona. Laini yake ya simu ilikuwa imekufa, akanunua nyingine, na kila akijaribu kufungua sanduku lake, namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye laini ileile iliyokufa. Tulihangaika naye siku tatu kwenye kituo chetu hapa Kigali. Hakuna mlango wa kubisha hodi, hakuna mtu wa kumwambia, "Huyu ni yeye kweli, mimi namfahamu." Usaili ukapita.

Ndipo nikaanza kufuatilia ilikuwaje zamani.

Kanuni ya kupelekeana imeili, aliyoiandika Jon Postel mwaka 1982, inaruhusu seva yoyote kuongea na nyingine. Haina mkubwa. Kwa jirani zetu Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na mtandao mdogo ulioitwa MUKLA. Barua zilikusanywa, kisha zikatumwa kwa mkupuo kupitia laini ya simu. Polepole, ndiyo, lakini mtunzaji alikuwa hapohapo.

Mwaka 1996 ikaja Hotmail, bure kabisa. Mwaka huohuo Kiziba ilifunguliwa, na mwaka huohuo jina la intaneti la Rwanda, .rw, lilisajiliwa, likiwa mikononi mwa watu wa nje. Lilirudi nyumbani 2012, chini ya RICTA. Miaka 16! Sisi wakimbizi tunajua vizuri maana ya jina lako kukaa kwenye faili la mtu mwingine.

Mwaka 2004 Kigali ilipata RINEX, ili data za hapa mjini zisizunguke tena ng'ambo kwa setilaiti ndipo zirudi. Lakini ndio mwaka Gmail ilipotoka, nasi wengi tukahamia huko.

Basi tukajaribu seva yetu wenyewe, kwenye kompyuta kuukuu. Umeme ukikatika si tatizo sana, maana seva inayotuma hurudia kujaribu kwa siku kadhaa. Tatizo ni kutuma. Makampuni makubwa hutazama seva yako ni ya nani. Kama haijulikani, barua inatupwa kwenye taka, na huambiwi. Tuliizima baada ya wiki sita.

Tulichobakiza ni jina. Tuna jina letu la .rw, masanduku tumekodi kwa kampuni. Kampuni ikituchosha tunahama, anwani zinabaki zilezile. Kijana akipoteza laini, mimi namfungulia.

Mama mmoja wa kamati akaniuliza, "Sasa mwanangu, si utakuwa unatusomea barua zetu?"

Nikitaka, naweza kabisa. Sikumficha. Tukaligawa neno la siri la msimamizi: nusu ninayo mimi, nusu ameiandika yeye kwenye daftari lake la kikoba.