Mchezo Uliogeuka Duka: Historia Fupi ya Gemu na Biashara



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wa Gitaza, Rumonge na mwambao wote wa ziwa, leo tunaleta historia ya jambo ambalo limeingia majumbani mwetu bila kubisha hodi. Watoto wanacheza gemu, na ndani ya gemu mna bidhaa. Zimefikaje humo, na nani analipa?

Mwanzo wake

Gemu ya Pac-Man ilitoka Japani mwaka 1980. Watoto wa Marekani waliipenda mno, na mwaka 1983 kampuni ya General Mills ikauza chakula cha asubuhi cha boksi chenye jina la Pac-Man. Mtoto akilia dukani, analilia mchezo, na mzazi analipa chakula. Mwaka huohuo wenye Kool-Aid, ule unga wa kutengenezea kinywaji, wakaja na njia nyingine: walitoa gemu yao wenyewe, nayo ilipatikana kwa kukusanya alama zilizochapwa kwenye pakiti na kuzituma kwa posta. Ukitaka gemu, kunywa kwanza.

Mipira ya Pokémon

Pokémon ilianza Japani mwaka 1996, gemu ya Nintendo. Mwishoni mwa mwaka 1999 mikahawa ya Burger King Marekani iligawa vitu vya kuchezea vya Pokémon, vikiwa ndani ya mipira ya plastiki, pamoja na chakula cha watoto. Desemba mwaka huo mtoto wa miezi 13 huko California alikufa baada ya nusu ya mpira kumziba pua na mdomo. Mipira zaidi ya milioni 25 ikatakiwa irudishwe, na aliyeirudisha alipewa chipsi kidogo.

Mwaka 2001 Saudi Arabia ikapiga marufuku Pokémon, baada ya fatwa iliyotolewa na Mufti Mkuu, Sheikh Abdul-Aziz Aal ash-Sheikh. Moja ya sababu ni kwamba mchezo wa kadi zake ulionekana kufanana na kamari. Lakini dunia huzunguka. Mwaka 2025 kampuni ya Scopely, ambayo ni mali ya mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia, ilinunua biashara ya gemu za Niantic, ikiwemo Pokémon GO, kwa dola bilioni 3.5.

Mpira wa miguu

Sisi huku ziwani tunaujua zaidi mpira. Tangu mwaka 2006 kifua cha jezi ya Arsenal kina jina la Emirates, na Mei 2018 majirani zetu Rwanda waliingia mkataba wa miaka 3 wa kuweka "Visit Rwanda" kwenye mkono wa jezi hiyo. Gemu huchora jezi na matangazo yake, kwa hiyo kijana akicheza saa mbili, amesoma tangazo saa mbili.

Kisha gemu yenyewe ikawa duka. Katika FIFA ya kampuni ya EA, mchezaji aliweza kununua kwa pesa za kweli pakiti ya wachezaji bila kujua ndani yake mna nani. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji, nchi wanakoishi jamaa zetu wengi, ilisema pakiti hizo zinavunja sheria ya kamari. Tarehe 31 Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo.

Tazameni basi: wanazuoni wa Riyadh na wanasheria wa Brussels, miaka 17 baina yao, kila mmoja kwa njia yake aliikuta kamari mlangoni mwa mtoto.

Tufanye nini?

Hatusemi kila gemu ni mbaya. Mzazi, kaa na mwanao, cheza naye hata mara moja, kisha mwulize mambo matatu: Ni bidhaa gani umeiona humu? Ni kitu gani wanataka ununue? Je, ukilipa, unajua utakachopata? Swali la tatu likikosa jibu, basi simu yenye pesa isikae mkononi mwake.

Wallahu a'lam.