Mbwa mwitu 49 wa Mkomazi

Ukitoka Same mjini kuelekea Kisiwani, ni kilomita chache tu hadi lango la Zange, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Milima ya Pare inakuwa upande mmoja; upande wa pili nyika inatanda mpaka inapokutana na Tsavo ya Kenya. Wageni wengi wanaoingia hapo huulizia faru weusi. Mbwa mwitu huulizwa na wachache. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba Desemba 2000 ugonjwa uliingia kwenye mazizi ya mbwa hao humo Mkomazi, na katika muda wa miezi miwili ukawaua 49 kati ya 52.

Mkomazi ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani yake waliondolewa, jambo lililoacha uchungu mkubwa na kesi zilizofika hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka uliofuata alikuja Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Kora, Kenya, na George Adamson, mtu wa simba, ambaye aliuawa na majangili Agosti 1989. Fitzjohn alikuta pori lililochoka. Wanyama walikuwa wamewindwa, barabara zimekufa. Akaanza na viwanja vya ndege na uzio, kisha faru wa kwanza wakaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997.

Mbwa mwitu waliwatangulia faru. Mradi wao ulianza mwaka 1995 kwa watoto wa mbwa waliochukuliwa Nyika ya Wamasai, ambako wafugaji wengi waliwahesabu kuwa adui wa mifugo. Mpango ulikuwa kuwalea, wazaane, kisha makundi yaachiwe porini. Kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa, maana mbwa mwitu wameorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka tangu mwaka 1990, na leo Afrika nzima inakadiriwa kuwa nao 6,600 hivi. Miaka mitano baada ya kuanza, mazizi ya Mkomazi yalikuwa na mbwa 52.

Aliyewahi kuwatazama kwa karibu anajua ugonjwa wa kuambukiza unavyowapata kirahisi. Mbwa mwitu hawaachani. Wakiamka hulambana midomo, husukumana kwa mabega, hulia kwa sauti nyembamba kama ndege. Aliyerudi kutoka mawindoni hutapika nyama ili watoto na waliobaki nyumbani wale. Hata chafya wanayo kazi nayo: watafiti walioko Botswana walieleza mwaka 2017 kwamba kundi likikusanyika kabla ya kwenda kuwinda, mbwa hupiga chafya, na chafya zikiwa nyingi kundi huondoka. Mapenzi hayo yanayowafanya wawe wawindaji hodari ndiyo njia ya kirusi kutoka mmoja hadi mwingine.

Ugonjwa wenyewe ni distempa. Kwa mbwa wa nyumbani huanza kama mafua: homa, kamasi, matongo ya macho, kikohozi. Mwenye mbwa husema atapona. Baadaye huja kuharisha, na mwishoni kirusi hupanda kwenye ubongo, mbwa anatetemeka na kupata degedege. Si mafua, ingawa yanafanana kwa sura. Kirusi cha distempa ni ndugu wa surua ya watoto wetu na wa sotoka, ile iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaacha Wamasai wakifa njaa.

Hata hivyo mafua na mbwa wana historia ya pamoja, nayo inastahili kujulikana huku kwetu. Kirusi cha distempa kilitambuliwa na Mfaransa Henri Carré mwaka 1905. Miaka ya 1920 wapenzi wa mbwa Uingereza, wakiongozwa na jarida la The Field, walichanga fedha itafutwe chanjo. Patrick Laidlaw na George Dunkin, waliofanya kazi hiyo Mill Hill, London, walitumia fereti, mnyama jamii ya kicheche, kwa sababu fereti hushikwa na distempa upesi. Chanjo ikapatikana. Kisha mwaka 1933, mafua ya watu yalipozuka London, Laidlaw, Wilson Smith na Christopher Andrewes waliwatia fereti maji yaliyosukutuliwa kooni mwa wagonjwa, na fereti wakaugua. Mmoja wao alimpigia Smith chafya, Smith naye akaugua mafua. Hivyo ndivyo kirusi cha mafua ya binadamu kilivyopatikana kwa mara ya kwanza, miaka 15 baada ya mafua ya 1918 kuua mamilioni. Bila fedha za mbwa, fereti wasingekuwepo pale.

Turudi Mkomazi, kwenye jambo linaloumiza zaidi. Mbwa wale walikuwa wamechanjwa. Chanjo ya kawaida ya distempa, yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, inawafaa mbwa wa nyumbani, lakini kwingineko ilikuwa imewahi kuwaua mbwa mwitu wenyewe, hasa watoto. Kwa hiyo Mkomazi walichagua chanjo ya kirusi kilichouawa. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa watu waliojua walichokuwa nacho mkononi. Kirusi kilipoingia, kinga hiyo haikutosha. Sampuli zilipelekwa Rotterdam, Uholanzi, kwenye maabara ya Albert Osterhaus, ambaye miaka mitatu nyuma timu yake ilishiriki kutambua mafua ya ndege kwa mtoto wa Hong Kong. Jibu likarudi: distempa. Taarifa ya kitaalamu ilichapishwa mwaka 2002.

Wakati huo Tanzania ilikuwa tayari imeonja distempa. Mwaka 1994 iliwapata simba wa Serengeti, wakafa takriban 1,000, yaani theluthi moja ya simba wote wa huko. Kidole kilielekezwa kwa mbwa wa vijijini wanaozunguka hifadhi, na kampeni kubwa za kuwachanja zikaanza. Zilifaa, ila uchambuzi uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya mbwa kuchanjwa bado simba waliendelea kuambukizwa mara kwa mara. Kirusi kina wenyeji wengine porini: fisi, mbweha, na huenda wengine.

Ndugu yake sotoka alionekana kwa mara ya mwisho duniani mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Mwaka uleule distempa ilikuwa ikimaliza kuwaua mbwa wa Mkomazi. Sotoka iliangamizwa kwa chanjo ya ng'ombe, kijiji kwa kijiji, kwa miongo mingi, ikatangazwa rasmi kuwa imetoweka mwaka 2011. Distempa haijawahi kupata juhudi kama hiyo.

Mradi wa Mkomazi haukufungwa. Mbwa wengine walilelewa, makundi yakaachiwa, na mwaka 2008 pori likawa hifadhi ya taifa. Fitzjohn alifariki mwaka 2022. Kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, mbwa wa wafugaji na wakulima bado wanatoka asubuhi na mifugo na kurudi jioni. Chanjo inayowafikia mbwa wa vijijini nchini mara nyingi ni ya kichaa, na sababu inaeleweka, maana kichaa kinaua watu. Lakini mbwa akishakamatwa, kamba ikiwa shingoni na mtoto wa nyumbani akimshika masikio, sindano ya pili, ya distempa, haihitaji safari nyingine wala mtaalamu mwingine. Inahitaji dozi iwepo ndani ya kasha la barafu siku hiyohiyo, na bajeti ya wilaya zinazozunguka Mkomazi iitaje kwa jina.