Kuimba bila kutoa sauti: zoezi la kichwani linavyomsaidia mwanakwaya kushika wimbo

Mvua za Novemba zinapoanza katika nyanda za juu za Ufipa, kwaya nyingi hujikuta na shida ileile. Nyimbo za Krismasi ni nyingi na baadhi ni mpya, lakini huu ndio wakati wa kulima na kupanda. Kuanzia Laela na Mpui hadi Matai na Chala, mwanakwaya aliyeshinda nyuma ya plau anafika mazoezini jioni akiwa hoi, au hafiki kabisa. Mwalimu wa kwaya anarudia sauti ya pili kwa mara ya kumi huku sauti nyingine zikisubiri. Wiki ya mwisho wote wanakazana kuimba kila usiku, na siku ya sikukuu inafika wengine wakiwa wamekauka sauti.

Shida ya muda mfupi, nyimbo nyingi na koo linalochoka haiko Ufipa tu. Waimbaji wa opera, ambao kuimba ndiyo ajira yao, wanaijua vizuri. Njia mojawapo wanayoitumia haihitaji kinanda, umeme wala fedha: wanajifunza sehemu kubwa ya wimbo wakiwa kimya. Makala haya yanaeleza zoezi hilo linavyofanya kazi, na jinsi mwanakwaya wa kijijini anavyoweza kulitumia.

Opera ni nini?

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 16, ikaenea Ulaya na baadaye duniani. Hapa Afrika Mashariki si muziki wa kila siku, ingawa haukosi watu wake. Mkenya Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, kwa mfano, ni mwimbaji wa opera aliyejitahidi kuufikisha muziki huo kwenye majukwaa ya Nairobi.

Kazi ya mwimbaji wa opera ni nzito. Onyesho moja linaweza kuchukua saa 2 hadi 4. Kwa kawaida haimbi kwa kipaza sauti, na bado sauti yake inatakiwa kusikika juu ya wapiga vyombo wengi hadi kwa mtu aliyeketi kiti cha mwisho. Hashiki karatasi, kwa sababu anaigiza. Na mara nyingi anaimba kwa lugha isiyo yake, kama Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa au Kirusi.

Kama angejifunza yote hayo kwa kuimba kwa sauti kamili tangu mwanzo, koo lisingehimili. Ndani ya koo kuna nyuzi mbili za sauti ambazo hugusana na kuachana kwa kasi tunapoimba. Kwa nota ambayo wapiga vyombo wengi duniani huitumia kulinganisha vyombo vyao, nyuzi hizo hutikisika mara 440 kwa sekunde moja. Zikitumika kupita kiasi huvimba, na sauti inakwaruza.

Kwa hiyo waimbaji hao hugawa kazi. Kwanza husoma maneno, wakajua kila neno lina maana gani. Kisha huyatamka kwa mapigo ya wimbo, bila kuimba. Halafu hufuata nota kwa macho huku wakisikia sauti akilini tu. Hata mazoezi ya pamoja yanapofika, wengi hawaimbi kwa nguvu kila mara. Huimba taratibu, au hushusha nota za juu, kwa mfano do ya juu wakaiimba kama do ya chini, ili sauti kamili ibaki kwa ajili ya siku yenyewe.

Je, kweli kichwa kinaweza kufanya mazoezi?

Mwaka 1995 mtafiti wa ubongo Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani. Walichukua watu wasiojua kupiga kinanda na kuwapa zoezi fupi la vidole vitano. Kundi moja lilipiga kinanda saa 2 kwa siku, kwa siku 5. Kundi la pili lilikaa mbele ya kinanda kwa muda uleule bila kupiga, likiwaza tu vidole vinavyokwenda na sauti inayotoka.

Watafiti walipima ubongo kwa kifaa cha sumaku kinachowekwa nje ya kichwa. Sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilikuwa imebadilika katika makundi yote mawili. Kwa upande wa kupiga, waliowaza tu walifikia siku ya tano kiwango ambacho wapigaji halisi walikifikia siku ya tatu. Baada ya hapo walipewa kinanda kwa kipindi kimoja cha saa 2, na wakawakaribia wenzao waliopiga siku zote.

Jaribio hilo lilikuwa la vidole, si la koo, lakini linatufundisha mambo mawili. Kuwaza kwa makini ni mazoezi halisi, maana ubongo unafanya kazi. Pia kuwaza peke yake hakutoshi: waliowaza walihitaji kukigusa kinanda ndipo kazi yao ikakamilika.

Jambo la tatu tunalipata kwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 kitabu kuhusu kumbukumbu baada ya kujipima yeye mwenyewe kwa muda mrefu. Aligundua kwamba tunasahau zaidi katika saa za mwanzo baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kurundika marudio yote siku moja. Mwanakwaya anayefanya mazoezi Jumatano na kuuacha wimbo hadi Jumamosi anapoteza mengi katikati. Dakika 10 za kimya Alhamisi na Ijumaa zinaziba pengo hilo.

Chombo tunacho tayari: nota za do re mi

Ili usikie wimbo kichwani lazima uwe na kitu cha kushika, na hapa wanakwaya wetu wana bahati. Kwaya nyingi Tanzania hujifunza kwa nota za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mtindo huo ulianzishwa na mwalimu Mwingereza Sarah Glover wa mji wa Norwich, ukaboreshwa katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyeishi kati ya mwaka 1816 na 1880. Lengo lilikuwa kuwawezesha watu wa kawaida, wasio na vyombo vya muziki, kusoma wimbo. Wamisionari waliusambaza sehemu nyingi za Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliutumia kuandika wimbo alioutunga mwaka 1897, ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa.

Uzuri wa nota hizi ni kwamba kila herufi ina tabia yake. Do inatulia kama mtu aliyefika nyumbani, ilhali ti inavuta kuelekea do. Mwanakwaya aliyezizoea anaweza kutazama karatasi na kusikia wimbo bila kufungua mdomo. Curwen alifundisha pia ishara za mkono, kila nota na ishara yake. Hata usipozijua ishara hizo, kupandisha na kushusha kiganja kufuata wimbo kunausaidia mwili kukumbuka njia.

Namna ya kufanya

Chukua kipande kifupi, mistari miwili au mitatu, si wimbo mzima. Kama umerekodi sauti yako kwa simu wakati wa mazoezi, sikiliza mara moja kabla ya kuanza.

1. Soma maneno polepole na ujiulize yanasema nini. Neno lenye maana halipotei haraka.

2. Tamka maneno kwa mapigo, kwa sauti ya chini ya mazungumzo ya kawaida, huku ukipiga kidole gotini. Usinong'one, kwa sababu kunong'ona kunaweza kulikaza koo badala ya kulipumzisha.

3. Funga mdomo. Fuata nota kwa macho na usikie kila moja akilini kwa jina lake. Mahali ambapo sauti inapotea, kwa mfano unaporuka kutoka so kwenda mi ya juu, weka alama kwa kalamu. Hapo ndipo penye kazi.

4. Rudia, safari hii ukiwaza mwili: pumzi unaivuta wapi, mdomo unafunguka kiasi gani, bega limelegea au limekaza. Waimbaji wa opera wanaitilia mkazo hatua hii, kwa kuwa mwimbaji hawezi kuliona koo lake kama mpiga ngoma anavyoiona mikono yake. Anaongozwa na anavyojisikia ndani.

5. Geuza karatasi. Pita kipande chote kichwani bila kuangalia, kisha fungua uhakikishe.

6. Sasa imba kwa sauti mara moja au mbili, kwa utulivu. Utagundua mara moja ulichoshika na usichoshika.

Zoezi lote linachukua dakika 10 hadi 15. Wakati mzuri ni kabla ya kulala, kwa sababu usingizi husaidia ubongo kuhifadhi yale tuliyojifunza. Wengine hupenda kufanya wakitembea kwenda shambani, na hatua za miguu zinawapa mapigo. Lakini usilifanye ukiendesha pikipiki au ukivuka barabara kuu, maana akili haiwezi kuwa pande mbili.

Kuituliza akili

Tofauti kati ya zoezi hili na kuota mchana ni umakini. Utaanza mstari wa kwanza, na ukifika wa pili utajikuta unawaza mbolea au ada ya shule. Hilo hutokea kwa kila mtu, hata kwa mwimbaji wa miaka mingi. Usijilaumu. Vuta pumzi, ijue akili imekwenda wapi, kisha irudishe kwenye nota uliyoiacha. Kadiri unavyoirudisha ndivyo inavyozoea kukaa.

Mazoea hayo yana faida siku ya kuimba. Mwanakwaya anayeogopa mara nyingi anawaza nani anamtazama, au kosa alilofanya mstari uliopita. Aliyezoea kuirudisha akili anarudi kwenye pumzi na nota inayofuata, na wimbo unaendelea.

Mipaka yake

Zoezi la kimya halimalizi kila kitu. Nota ya juu inahitaji misuli iliyozoea kuimba kwa sauti. Sauti nne zinakaa pamoja pale tu watu wanapoimba na kusikilizana, kwa hiyo hakuna anayeweza kukwepa mazoezi kwa kusema ameimba kichwani. Na ukishika nota isiyo sahihi, kuirudia kichwani kutaikaza zaidi. Hakikisha kwanza na mwalimu wa kwaya au na mwenzako wa sauti yako.

Walimu wa kwaya nao wanaweza kulitumia mazoezini. Wakati sauti ya tatu inafundishwa, sauti nyingine zifuate nota zao kimya badala ya kupiga soga. Kisha waimbe wote, mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili kimya huku mwalimu akiendelea kupiga mapigo, wa tatu kwa sauti. Wakiingia mstari wa tatu pamoja na bila kushuka, mwalimu atajua kwamba wimbo umeingia.

Jambo la mwisho linahusu afya. Baridi ya Juni na Julai, vumbi la kiangazi na moshi wa jikoni vinakausha koo. Kunywa maji mara kwa mara, na sauti ikikwaruza, acha kuimba na kupaza sauti mpaka irudi. Hapo ndipo zoezi la kimya linapokufaa zaidi, maana unaendelea kujifunza huku koo likipumzika. Lakini sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, au ukipata shida ya kumeza au kupumua, nenda kituo cha afya. Hilo si jambo la kusubiri lipone lenyewe.

Jioni hii, kama una karatasi ya wimbo mpya, chagua mistari miwili tu. Ipitie kimya kabla ya kulala, na kesho asubuhi uiimbe njiani uone imebaki kiasi gani.