Mwovu Ndiye Aliyejaza Kumbi

Mwaka 1943 Mwingereza hakununua gauni bila kuponi, na sheria ya Desemba 1941 ilikwisha kuwaita wanawake wasio na waume, wa miaka 20 hadi 30, kwenye utumishi wa vita. Katika dhiki hiyo kampuni ya Gainsborough ikawatolea The Man in Grey, iliyojaa hariri, vito na makabaila wasio na haya.

Hesther (Margaret Lockwood), fukara mwenye tamaa, anapokewa nyumbani na Clarissa, rafiki yake wa shuleni, kisha anamwibia mume, Lord Rohan (James Mason). Usiku wa dhoruba, Clarissa akiwa hoi kwa homa, Hesther anamnywesha dawa ya usingizi, anafungua madirisha na kuzima moto. Baridi inamaliza kazi. Rohan, ambaye hakumjali mkewe hata siku moja, anamchapa Hesther hadi kufa, kwa sababu jina la ukoo limechafuliwa. Aliyefichua siri ni Toby, mtumishi mdogo mweusi, na hapo filamu inajiumbua yenyewe: aliigizwa na mtoto wa kizungu aliyepakwa rangi usoni.

Wahakiki waliguna, watu wakapanga foleni. Ikaja Fanny by Gaslight mwaka 1944, kisha The Wicked Lady mwaka 1945. Humo Lockwood, bibi mkubwa aliyechoshwa na ndoa, usiku anavaa kiume na kuteka magari ya farasi akishirikiana na Mason. Wakaguzi wa Marekani walilalamikia vifua vilivyo wazi mno, ikabidi baadhi ya matukio yapigwe upya. Nchini Uingereza filamu hiyo iliongoza kwa mapato mwaka 1946, mwaka ambao kumbi za nchi hiyo ziliuza tiketi zaidi ya bilioni 1.6.

Wahakiki walipima usahihi wa historia, kipimo ambacho hakikuwahusu waliolipa kiingilio. Ni kweli mwovu hufa mwishoni, maana bila hivyo filamu isingepita. Lakini kabla ya dakika hizo chache, mwanamke ametaka kitu na amekitwaa bila kuomba ruhusa ya mtu. Clarissa mwema anatutoa machozi tu.

Mason akaenda Hollywood, mtayarishaji Sydney Box akashika usukani wa Gainsborough mwaka 1946 na kupendelea hadithi za maisha ya kawaida, na mwaka 1949 studio zake za Lime Grove zikachukuliwa na BBC. Mwongozaji Michael Winner aliirudia The Wicked Lady mwaka 1983, safari hii na Faye Dunaway. Vifua viliongezeka, msisimko ukapungua.