Kutumbuka au Kutumbuliwa?

Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, akiwa katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, alikipa jina kiumbe ambacho hakuna darubini ya zama zile iliyoweza kukionyesha. Alikiita bakteriofaji, yaani mla bakteria. Jina likakaa, na siku hizi wengi hulikata na kusema faji tu. Ni jina tamu lakini lina uongo ndani yake, kwa sababu faji hali kitu. Hana kinywa wala tumbo. Huingiza jeni zake ndani ya bakteria, humfanya mwenyeji wake karakana ya kuundia faji wengine, kisha saa ikiwadia humpasua ili hao wapya watoke. Angalitajwa kwa tendo hilo la mwisho, angalitendewa haki.

Tendo hilo wenzetu huliita kwa neno la Kigiriki, lisisi, ambalo asili yake ni kufungua au kulegeza. Kwa Kiswahili utakuta limefasiriwa "kuyeyuka", na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Kiyeyukacho ni barafu na mshumaa, polepole, kuanzia nje. Bakteria hafi hivyo. Msukumo wa maji ndani yake ni mkubwa kuliko wa nje, na kinachomzuia asifumuke ni ukuta wake tu. Ukuta ukishaliwa, yaliyomo humwagika kwa mkupuo. "Kupasuka" ni afadhali, ila hata kikombe kilichodondoka sakafuni hupasuka, bila kuwa kimebeba chochote. Mimi nachagua "kutumbuka". Jipu haliishii kutumbuka tu. Kwanza huiva, na kinachotoka ni kile kilichokuwa kikijikusanya humo siku zote. Najua neno hili liliingizwa kwenye siasa za Tanzania kuanzia mwishoni mwa 2015, na tangu hapo ukilitamka watu hutazamana. Hilo si kosa la neno.

Hata hivyo sarufi inatutega. Kauli ya kutendeka humficha mtenda: tukisema bakteria ametumbuka, msikilizaji ataelewa kwamba faji walijaa humo hadi mwili ukashindwa kuwabeba. Ni dhana rahisi, tena si ya kweli. Faji wengi, hasa wale wakubwa kiasi wanaobeba jeni zao katika DNA, wana protini maalumu ya kuamua dakika ya mwenyeji kufa. Kwa hiyo bakteria hutumbuliwa, na mtenda anajulikana.

Aliyechunguzwa kuliko wote ni faji lambda, adui wa Escherichia coli, bakteria wa utumbo. Maabara ya Ry Young katika Chuo Kikuu cha Texas A&M imemfuatilia kwa miongo kadhaa. Jeni za kutumbua zikishaamshwa katika nyuzi joto 37, bakteria hufumuka baada ya dakika 50 hivi, na faji wapya wapatao 100 hutawanyika. Silaha inayokata ukuta ni kimeng'enya kiitwacho endolisini. Cha ajabu ni kwamba silaha hiyo hutengenezwa mapema na kurundikana ndani, upande usio wake: ukuta uko nje ya utando wa ndani, na endolisini haina njia ya kuuvuka utando huo. Inangoja mlango.

Mlango hufunguliwa na holini. Hii ni protini ndogo ya asidi amino 105 tu, nayo hujipachika kwenye utando, molekuli moja baada ya nyingine, bila kudhuru chochote. Bakteria anaendelea kupumua, nishati ya utando wake haijapungua, faji wanaendelea kuundwa. Kisha, kwa ghafla, holini hujikusanya makundi makundi na utando unatoboka. Matobo yake yamepimwa: wastani ni nanometa 340, na mengine huzidi maikrometa nzima, katika bakteria mwenye urefu wa maikrometa mbili hivi. Endolisini hupita, ukuta unakatika, na jozi ya protini ziitwazo spanini humalizia utando wa nje. Hatua hizi za mwisho ni suala la sekunde. Muda wote uliotangulia ulikuwa wa kungoja, na mpangaji wa kungoja huko ni holini.

Ushahidi ni huu. Badilisha asidi amino moja tu ndani ya holini, na saa inahama. Kuna mabadiliko yanayochelewesha, kuna yanayozima kabisa, na kuna yanayotoboa mapema mno hata bakteria afe kabla ya faji mmoja kukamilika. Ukimpa bakteria sumu inayoangusha nishati ya utando, sianidi kwa mfano, holini iliyokwisha kujikusanya hutoboa papo hapo.

Sasa tuitafutie jina. "Holini" limetoholewa kutoka neno la Kiingereza la tundu, na kwa masikio yetu halisemi lolote. Kiswahili kina kanuni yake: okoa hutupa mwokozi, pokea hutupa mpokezi. Toboa basi itupe kitobozi. Nalipenda, ingawa lina upungufu uleule wa jina la kigeni, kwamba linataja tobo na kuisahau saa.

Saa yenyewe ina siri. Jeni ya holini ya lambda ina mahali pawili pa kuanzia kusomwa, palipoachana kidogo sana. Kutoka moja hupatikana holini yenyewe. Kutoka nyingine hupatikana protini iliyo sawa nayo, ila ina asidi amino mbili za ziada mwanzoni, na mojawapo ina chaji chanya. Ziada hiyo huizuia isizame vizuri kwenye utando, nayo hujiunga na holini na kuikawiza. Waingereza wanaiita antiholini. Mfasiri mwenye haraka ataandika "kingaholini" kwa kufuata kingamwili, na atakuwa amegeuza maana juu chini, maana kingamwili huukinga mwili, na kingaholini itasikika kama kitu kinachoikinga holini. Tena protini hii si mpinzani wa kweli. Nishati ya utando ikianguka, nayo huzama kama mwenzake na kushiriki kutoboa. Ndumilakuwili, kama wasemavyo wazee. Kazi yake ni kuahirisha, kwa hiyo naipendekezea "kiahirishi".

Jina hilo linafaa hata nje ya lambda. Mwaka 1946 Alfred Hershey alieleza faji wa aina T waliobadilika, ambao huwatumbua bakteria upesi, akawatia alama ya r, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la wepesi. Miaka miwili baadaye A. H. Doermann alionyesha kwamba faji wa kawaida wa kundi hilo huchelewa kwa makusudi: bakteria aliyekwisha kuambukizwa akivamiwa tena na faji wa aina hiyohiyo, kutumbuliwa kwake husogezwa mbele, pengine kwa saa kadhaa. Katika T4, mmoja wa kundi hilo, mhusika mkuu ni protini RI, ambayo huibana holini kutoka upande wa nje wa utando wa ndani. Hesabu ya kuchelewa huko inaeleweka. Ikiwa faji wengine wanabisha mlangoni kwenye nyumba iliyokwisha kukaliwa, maana yake huko nje faji ni wengi na bakteria wazima ni wachache. Kutoka sasa ni kwenda kukosa pa kuingia. Heri kubaki na kuzidi kuunda. Bakteria wakiwa tele, anayewahi kutoka ndiye anayefaidi.

Umbo la kauli, basi, linabeba sayansi hapa. Walimu wa biolojia na wafasiri wa vitabu, endeleeni na "holini" mnapoandikia maabara ili msomaji aweze kuitafuta. Mkiwa darasani, jaribuni "kitobozi" na "kiahirishi", muone kama wanafunzi watauliza maswali machache zaidi. Ila kwa hili la mwisho sitaki suluhu: futeni "bakteria huyeyuka" na muandike "faji humtumbua bakteria".