Mwachano wa ekseli: kwa nini vichwa vingine vya semi ni virefu mno

Muuzaji wa magari akisema "chesi ndefu", mnunuzi anamwelewa, na biashara inaendelea. Ugumu huanza mtu anapotaka kueleza kwa Kiswahili kile ambacho Waingereza hukiita wheelbase, yaani umbali kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Chesi ni chuma. Fundi anaweza kuirefusha kwa mita nzima nyuma ya tairi za mwisho ili ipokee bodi kubwa, na umbali kati ya ekseli usiongezeke hata sentimita moja. Malori mawili yenye chesi za urefu uleule huweza kutofautiana kabisa katika kukata kona, katika kulielemea daraja na katika kumtikisa dereva.

Kwa umbali huo napendekeza mwachano wa ekseli. Vitu vilivyoachana vina nafasi kati yao, na nafasi hiyo hupimika. Neno ekseli nalo halihitaji utetezi: dereva yeyote anayepita mizani ya Vigwaza au Mariakani anajua gari lake lina ekseli ngapi, na anajua kwamba kila kundi la ekseli lina kikomo chake cha tani. Wapo wanaotafsiri moja kwa moja wakaandika "msingi wa magurudumu". Siipendi tafsiri hiyo. Msomaji wa Kiswahili akisikia msingi anawaza kitu kilicho chini ya nyumba, au sababu ya hoja, hawazi kipimo. Waswidi, ambao wametengeneza malori kwa zaidi ya miaka mia, huuita axelavstånd, umbali wa ekseli. Wareno nao hutaja umbali kati ya ekseli. Waitaliano wameuita passo, hatua, neno zuri sana kwa mtu anayeliona gari kama kitu kinachotembea. Sisi tuna mwachano, na neno hilo linatosha.

Ila istilahi hupimwa kazini. Basi, tulipeleke neno letu Marekani, kwenye vichwa vya semi, yaani magari yanayovuta tela, ambavyo mgeni yeyote hujiuliza vimerefushwa kwa sababu gani. Kichwa cha kawaida cha Ulaya chenye ekseli mbili kina mwachano wa mita 3.6 hadi 3.8. Peterbilt 389 au Kenworth W900 iliyoagizwa na dereva anayemiliki gari lake mwenyewe huweza kuwa na mwachano wa zaidi ya mita 7. Mzigo unaovutwa unaweza kuwa uleule.

Jibu linalotolewa haraka ni madaraja, na lina ukweli ndani yake. Tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani ina kanuni ya daraja kwa barabara kuu zinazounganisha majimbo. Daraja halijali jumla ya uzito peke yake. Linajali pia uzito huo umetua juu ya urefu gani. Tani 36 zilizobanana kwenye mita 8 huzielemea nguzo za mlalo kuliko tani hizohizo zilizotandazwa kwenye mita 15. Kwa hiyo kanuni huchukua kundi lolote la ekseli, huhesabu ni ngapi, hupima mwachano kutoka ya kwanza hadi ya mwisho katika kundi hilo, kisha hutoa uzito unaoruhusiwa. Gari lenye ekseli tano likitaka kufika kikomo cha paundi 80,000, yaani kilo 36,287, ni lazima kati ya ekseli ya kwanza na ya tano pawe na futi 51, karibu mita 15.5.

Kwa tela fupi, kama tangi la mafuta au tela la kumwagia kokoto, futi hizo 51 hazipatikani kwa urahisi. Mwenye gari hulazimika kuzitafuta upande wa mbele, kwenye kichwa. Akirefusha mwachano wa kichwa, ekseli ya stelingi inasogea mbele, kipimo kinatimia, na gari linabeba mzigo wake kamili. Kuna kikomo cha pili ambacho ujanja huo haukisaidii. Ili ekseli pacha za kichwa na ekseli pacha za tela zibebe paundi 34,000 kila jozi, kutoka ekseli ya kwanza ya jozi ya mbele hadi ya mwisho ya jozi ya nyuma panatakiwa futi 36. Umbali huo hutoka kwenye tela. Hata ungeisogeza ekseli ya stelingi kiasi gani, hautaongezeka.

Sasa chukua tela la sanduku la futi 53, lile linaloonekana kila mahali katika barabara za Marekani. Kutoka pini ya tela hadi ekseli za nyuma kuna takriban mita 12. Ukiliunganisha na kichwa kifupi chenye mwachano wa mita 3.8, jumla inapita mita 15.5 bila taabu. Sheria ya daraja imeridhika. Kichwa cha mwachano wa mita 7 kinapolivuta tela hilohilo kina ziada ya mita tatu na zaidi ambazo hakuna daraja lililozidai. Ndiyo maana sikubaliani na maelezo yanayoishia kwenye kanuni ya daraja. Inaeleza matangi na tela za kokoto. Haielezi vichwa vingi virefu tunavyoviona.

Sababu kubwa zaidi ni sheria nyingine, ya mwaka 1982. Kabla yake majimbo mengi yalipima semi nzima, kutoka bampa ya mbele hadi mkia wa tela. Chini ya kipimo cha namna hiyo kila futi ya kichwa ni futi iliyoporwa kwenye nafasi ya mzigo, na mzigo ndio unaolipa. Wenye magari walinunua vichwa visivyo na pua, dereva akikaa juu ya injini, na mwachano ukabanwa kadiri ilivyowezekana. Sheria ya 1982 ilikataza majimbo kuweka kikomo cha urefu wa jumla kwa semi zinazopita katika mtandao wa barabara za kitaifa. Kuanzia hapo kinachopimwa ni tela. Kichwa kikawa huru, na pua zikarudi. Ulaya ilibaki na njia ya zamani: semi nzima kwa kawaida isizidi mita 16.5. Tela la mita 13.6, linalopakia paleti 33, likishachukua sehemu yake, kichwa hakina pa kunyooshea miguu. Tofauti kati ya mita 3.7 za Ulaya na mita 7 za Marekani imeandikwa kwanza katika vitabu vya sheria. Wahandisi waliifuata baadaye.

Uhuru huo ulijazwa na maisha ya dereva. Mmarekani mwenye semi hukaa njiani wiki kadhaa. Sheria inamruhusu kuendesha saa 11, kisha ni lazima apumzike saa 10 mfululizo, na mara nyingi mahali pa kupumzikia ni hapohapo garini. Nyuma ya viti huwekwa chumba cha kulala chenye kitanda, kabati, friji, na kwa waliojaliwa, sinki na choo. Chumba kinahitaji chesi ya kukikalia. Matangi ya mafuta, ambayo kwa pamoja huweza kubeba lita elfu moja, yananing'inia kati ya ekseli ya mbele na za nyuma, pamoja na betri, mitungi ya hewa na mfumo wa kusafisha moshi. Vyote hivyo vinagombea nafasi moja, na nafasi hiyo ndiyo mwachano.

Kisha kuna mwili wa mtu. Mwachano mrefu hupunguza kuinama na kuinuka kwa gari kwenye mawimbi ya barabara, kama jahazi refu linavyotulia baharini pale ngalawa inapopiga mbizi kila wimbi. Katika kichwa kisicho na pua dereva ameketi juu ya ekseli ya stelingi au mbele yake, kwa hiyo kila shimo linampanda mgongoni. Katika kichwa kirefu ameketi nyuma ya ekseli hiyo, katikati ya mwachano. Wasafirishaji wa ng'ombe, ambao mzigo wao husimama na kuhamahama, hupenda vichwa virefu kwa utulivu huo. Mtu aliyetumia miaka ishirini kwenye usukani hawezi kuambiwa kwamba jambo hili ni anasa.

Hata uzito unagawanyika kwa namna nyingine. Tuseme tela linaweka tani 15 juu ya sahani ya kuungia, na sahani imefungwa nusu mita mbele ya katikati ya ekseli pacha. Kwenye kichwa chenye mwachano wa mita 3.7, karibu tani 2 za mzigo huo zinakwenda ekseli ya stelingi. Kwenye mwachano wa mita 7 inakwenda tani 1 tu, zilizobaki zinashuka nyuma. Kwetu Afrika Mashariki, ambako sheria ya Jumuiya inaipa ekseli ya stelingi tani 8, tani moja ya ziada mbele inatosha kumwingiza dereva matatani kwenye mizani.

Lakini mwachano mrefu unadai malipo. Chesi inakuwa nzito zaidi. Propela shafti haiwezi kuwa kipande kimoja. Inakatwa vipande vinavyoshikwa na senta beringi, na kila beringi ni kitu kingine cha kuharibika. Gharama kubwa iko kwenye kona. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya mbele, hukatiza ndani, na kiasi cha kukatiza hukua kwa mraba wa mwachano. Kwenye mviringo wenye nusu kipenyo cha mita 15, semi yenye kichwa cha mwachano wa mita 3.7 na tela lenye mita 8 kutoka pini hadi ekseli zake hukatiza ndani takriban mita 2.9. Badilisha kichwa tu, weka cha mita 7, na inakatiza mita 4.4. Kwenye njia pana za Nebraska mita moja na nusu hiyo haisumbui mtu. Kwenye kona za mlima Kitonga nchini Tanzania, semi zinapopishana ukingoni, ni tofauti ya kupita au kufunga barabara. Kwa barabara hizo ningechagua kichwa kifupi bila kusita, hata mgongo wa dereva ukilalamika.

Limebaki jambo la kupima, ambalo mfasiri asipoliangalia atapotosha namba. Kichwa chenye ekseli tatu kina miachano miwili. Mmarekani hupima kutoka ekseli ya stelingi hadi katikati ya zile pacha. Watengenezaji kadhaa wa Ulaya huishia kwenye ekseli ya kwanza ya pacha. Kiwango cha kimataifa, ISO 612, hutaja kila mwachano kwa zamu kutoka mbele kwenda nyuma, kisha jumla yake. Kichwa kimoja chenye mwachano wa kwanza wa mita 5.54 na wa pili wa mita 1.32 kitaandikwa 6.20 Marekani, 5.54 Ulaya na 6.86 kwa jumla ya ISO. Kwa Kiswahili tuandike mwachano wa kwanza na mwachano wa pili, kila mmoja na mita zake, na anayetaka namba ya Marekani aongeze nusu ya wa pili juu ya wa kwanza.