Mfinyanzi Katika Kumbukumbu za Ukoo

Methali yetu yasema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Wazee waliitunga kwa kumhurumia, au pengine kwa kumcheka, mtu atengenezaye vyombo vya wenziwe naye mwenyewe akala katika kipande cha chungu kilichovunjika. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba methali hiyo ina ukweli hata katika elimu ya historia. Vyombo vya mfinyanzi vimewapa wataalamu sehemu kubwa ya yale wayajuayo juu ya Afrika ya Mashariki ya kale. Lakini mfinyanzi mwenyewe, jina lake, mwalimu wake na siku ya kufa kwake, ni nadra kuonekana popote. Amewalisha wanahistoria kwa sahani nzima, naye ameachiwa gae.

Tuanze pwani, kwa sababu huko ndiko kwenye maandishi ya kale zaidi. Khabari za Kilwa, ambazo Mreno João de Barros alizitia katika kitabu chake cha mwaka 1552, zatutajia masultani mmoja baada ya mmoja: nani alimrithi nani, na nani aliondolewa na nani. Habari za Pate zafanya vivyo hivyo kwa Wanabahani. Hizi ni kumbukumbu za ukoo hasa, na hakuna awezaye kuzidharau. Lakini James Kirkman alipochimba magofu ya Gedi tangu mwaka 1948, na Neville Chittick alipochimba Kilwa, ambako kitabu chake kilitoka mwaka 1974, wote wawili walikuta ardhini jambo ambalo vitabu vya ukoo havikulisema. Bakuli za Kichina na za Uajemi zilipatikana, nazo zilisaidia sana kupima tarehe. Lakini vigae vilivyozidi vyote kwa wingi vilikuwa vya vyungu na mitungi iliyofinyangwa papo hapo. Kila sultani aliyetajwa katika Khabari alikula chakula kilichopikwa katika chungu cha mtu asiyetajwa.

Bara hali ni hiyo hiyo. Mwaka 1957 Günter Smolla alieleza vigae vilivyookotwa Lelesu, katika nchi ya Wasandawe, ambayo haiko mbali sana na Singida. Miaka kumi baadaye Robert Soper alieleza vya Kwale, na Felix Chami, Mtanzania mwenzetu, akaandika mwaka 1994 juu ya ufinyanzi wa pwani katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Kazi hizi ni kubwa. Zimetuonyesha njia za wakulima na wafua chuma wa kale, na bila vigae njia hizo zisingeonekana kamwe. Lakini mchimbaji akikosa jina la fundi hulazimika kuviita vyungu kwa jina la mahali: vyungu vya Lelesu, vyungu vya Kwale. Jina la kijiji hukaa pale palipostahili jina la mtu, wala hapana lawama, maana vigae havisemi.

Yafaa sasa tujiulize: je, inawezekana kabisa kuyafuata maisha ya mfinyanzi kwa kumbukumbu za ukoo? Inawezekana, pale palipo na vitabu. Katika wilaya ya Staffordshire, Uingereza, ndiko ulikokuwa mji wa Burslem na miji mingine iliyoishi kwa udongo. Tangu mwaka 1538 Thomas Cromwell alikuwa ameamuru kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na maziko. Kwa sababu hiyo twajua kwamba Josiah Wedgwood, aliyekuja kuwa mfinyanzi mashuhuri kuliko wote wa nchi ile, alibatizwa Burslem mwezi wa Julai mwaka 1730. Kwamba baba yake, naye mfinyanzi, alikufa mwaka 1739. Na kwamba mwaka 1744 kijana huyo alitiwa kwa hati mikononi mwa kaka yake kujifunza kazi. Twajua hata kwamba ndui ilimharibu goti, na mguu ukakatwa mwaka 1768.

Msomaji atasema kwamba Wedgwood alikuwa tajiri, na matajiri huandikwa popote. Ni kweli. Lakini huko hata mfanyakazi mnyonge aliacha alama. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 iliandika jina, umri na kazi. Ile ya mwaka 1851 iliongeza mahali pa kuzaliwa na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba. Mwaka ule wa 1841 Samuel Scriven alitumwa na serikali kuwahoji watoto waliofanya kazi katika viwanda vya vyungu, na majibu yao yakachapwa. Mmoja wa watoto wa zama zile, Charles Shaw, alianza kazi akiwa na miaka saba, akikimbia kupeleka kalibu zenye sahani mbichi kwenye chumba cha moto na kurudisha kalibu tupu. Alipokuwa mzee akaandika habari za utoto wake, zikatoka katika kitabu mwaka 1903. Kwa kuunganisha kitabu cha parokia, hesabu ya watu na maneno ya watoto, mjukuu wa leo aweza kusema: bibi yangu alichora maua katika sahani, na babu yangu alichovya vyombo katika dawa ya risasi iliyompa ugonjwa.

Basi tumwingize mfinyanzi wetu katika mizani hiyo. Nachagua Unyambwa, ambayo siku hizi ni kata katika Manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi. Tuchukue kwa mfano tu, pasipo kumtaja mtu yeyote, mwanamke aliyezaliwa huko karibu na mwaka 1910 na kufinyanga vyungu vya kupikia na mitungi ya pombe mpaka uzee wake. Je, tutampata wapi?

Mwaka aliozaliwa palikuwa na serikali ya Kijerumani, iliyokuwa imeanza kutoza kodi ya nyumba tangu mwaka 1898. Kodi ile ilihesabu nyumba, haikuhesabu roho za watu. Mtoto wa kike hakuwa na nyumba, basi hakuwa na mstari wake katika daftari. Ofisa wa Kijerumani Eberhard von Sick alifanya uchunguzi juu ya Wanyaturu na kuuchapisha huko Ulaya wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Lakini uchunguzi wa namna hiyo husema "Wanyaturu hufanya hivi", nao hausemi "mwanamke fulani alifanya hivi".

Waingereza walipokuja waliendeleza kodi. Mwanamke wetu sasa ameolewa, na nyumba anayo. Je, ataandikwa? Ataandikwa, lakini kwa namna ya ajabu. Mume ndiye aliyetajwa jina, na mwenye wake zaidi ya mmoja alitozwa zaidi kwa nyumba za wake wa ziada. Kwa hiyo mfinyanzi wetu, ambaye labda ndiye aliyeuza mitungi ili shilingi za kodi zipatikane, yumo katika daftari kama sababu ya mumewe kudaiwa. Akiwa mke wa kwanza, hata sababu hiyo hana. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilimhesabu bila shaka. Lakini iliyotangazwa ilikuwa jumla ya wilaya na ya kabila, naye akawa mmoja katika maelfu.

Kitabu cha ubatizo chaweza kutusaidia zaidi. Kanuni ya Kanisa Katoliki tangu Mtaguso wa Trento, uliokwisha mwaka 1563, yataka padre aandike jina la mbatizwa, wazazi wake, wasimamizi, mahali na siku. Na Walutheri nao wana daftari zao. Ikiwa mwanamke wetu alibatizwa, hapo kwa mara ya kwanza twamwona kwa jina. Lakini jina gani? Huenda ni Maria au Anna, ambalo jirani hawakumwita kamwe. Nyumbani kwa baba aliitwa jina la kuzaliwa. Alipojifungua akaitwa mama wa mwanawe wa kwanza. Alipozeeka akawa bibi wa watu wote. Mtafutaji asiyejua majina hayo matatu au manne kuwa ni ya mtu mmoja atawaandika wanawake wanne, na kila mmoja atakuwa na robo ya maisha.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo wanafunzi wetu wa Kiswahili huipuuza, nayo ni vitabu vya mabaraza. Baada ya sheria ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, mahakama za wenyeji katika sehemu nyingi za Tanganyika ziliandika mashauri yao kwa Kiswahili. Humo wanawake hutajwa kwa majina yao, kwa kuwa ng'ombe za mahari huleta ugomvi, na ugomvi hutaka majina. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu aonekane siku ya shauri tu, wala asionekane katika siku elfu za kazi yake. Hata hivyo karani wa baraza, kwa Kiswahili chake cha haraka, huenda akawa ametuhifadhia sentensi moja juu ya mtungi uliovunjwa au deni la vyungu ambalo daftari la kodi halina.

Halafu kuna kumbukumbu ya midomo. Wazee wa Unyaturu, kama wa mahali pengine pa nyanda za kati, hutaja babu zao kizazi baada ya kizazi. Ukoo hufuata upande wa baba, na mke huja kukaa kwa mumewe. Mwanamke hutajwa pale ukoo ulipogawanyika, kwa kuwa wana wa nyumba moja hujitenga na wana wa nyumba nyingine, na nyumba ni ya mama. Hutajwa pia akitenda jambo la vita. Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na ambaye masimulizi yasema aliwapiga kwa nyuki, hajasahauliwa mpaka leo. Kumbe kumbukumbu ya watu haikuwakataa wanawake. Ilichagua tu matendo yaliyostahili kutajwa, na kufinyanga hakukuhesabiwa kuwa tendo. Kulikuwa kazi ya kila kiangazi, na kazi ya kila siku haisimuliwi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wasemao kwamba ukoo ukishaandikwa, historia ya watu wake imekwisha kupatikana. Ukoo wa damu na ukoo wa ufundi si lazima uwe mmoja. Mwaka 1987 Ingrid Herbich alitoa uchunguzi wake juu ya wafinyanzi Wajaluo wa Kenya. Alionyesha kwamba wengi wao hawakujifunza kwa mama zao. Walijifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe na kwa wanawake wengine waliowakuta huko, na vyungu vyao vikafanana na vya kundi walilohamia. Fikiri maana yake. Mtu akiandika kwa uangalifu mkubwa baba, babu na baba wa babu wa mfinyanzi Mjaluo, atakuwa amepata kila kitu isipokuwa asili ya mkono wake. Mstari wa kweli wa ufundi hupita kutoka mke hadi mke wa mwana, kila mmoja ametoka ukoo mwingine, na mti wa ukoo uliochorwa kwa wanaume hauna tawi la kuwabeba.

Katika Buganda mambo yalikuwa mengine: wafinyanzi wa Kabaka walikuwa wanaume, wakajulikana kwa jina lao, Bajona, kwa kuwa walimtumikia mfalme. Tofauti hiyo yatufundisha kwamba si udongo unaomficha mfinyanzi. Humficha aliyeshika kalamu, au aliyeshika usemi, kwa kadiri anavyomwona kuwa na haja naye.

Kazi yenyewe ya kutafuta ina haraka. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi wa Tanzania walihamishwa kutoka katika maboma yao ya kale na kuwekwa katika vijiji. Waliohama waliacha nyuma makaburi, majivu ya mahali pa kuchomea vyungu, na shimo la udongo lenye kujulikana nani aliruhusiwa kuchimba. Kisha sufuria na ndoo za plastiki zimeingia kila jiko, na anayefinyanga leo ana wanafunzi wachache. Akifa mwanamke wa miaka themanini, hufa pamoja naye jina la aliyemfundisha, na la yule aliyemfundisha huyo. Yaani karne nzima na zaidi.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi waendao vijijini wakati wa likizo wasitosheke na swali la "baba yako ni nani?" Wamwulize mfinyanzi: nani alikushika mkono ulipokanda udongo mara ya kwanza? Yeye alitoka wapi, na aliolewa na nani? Udongo mlichimba wapi, na nani alikuwa na haki ya kukataza? Mliuza soko gani, na fedha zilikwenda kwa nani? Waandike majina yote ya mtu mmoja, la nyumbani, la dini na la uzazi, katika ukurasa mmoja. Ndipo waende parokiani na mahakamani kutafuta majina hayo, wala wasifanye kinyume chake, maana daftari halimjibu asiyejua analolitafuta. Tena, kama mwenyewe apenda, waandike ni chungu kipi kilichobaki nyumbani ambacho ni cha mkono wa mwalimu wake, wakipime na kukichora.

Wahenga walisema udongo upate ungali maji. Kumbukumbu za wafinyanzi wa Unyambwa, na za wenzao wa pande zote, bado zina maji kidogo. Tukingoja kizazi kimoja zaidi, tutaokota vigae, na tutaviita kwa jina la kijiji.